Sura ya Saba: Rangi ya Ndege 417

"Una mpaka saa kumi," alisema Ruppelt, akakitupa kipande cha bati mezani. "Ikigonga saa kumi nampakia yule mwanamke garini, uwe umemaliza au hujamaliza."

Leberecht Tschirner wa polisi wa jinai alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi. Watu wa polisi wa siri kama Ruppelt hawakupenda kujibiwa, na hawakupenda kunyamaziwa vilevile, kwa hiyo mwenye akili zake alijitafutia kazi ya mikono. Tschirner alikiokota kile kipande akakipeleka dirishani.

Kilikuwa ubavu wa chumba cha rubani, urefu wa mkono mmoja, kimepinda na kuungua, pembe moja bado ina tope lililokauka. Ndege namba 417 ilitoka kwenye kiwanda hichohicho walichokuwamo, mwishoni mwa Januari. Wiki iliyopita ilikuwa inatua na jua la asubuhi liko usoni, ikapitiliza uwanja, ikajibamiza kwenye miti kando ya mto na kuwaka. Rubani alikuwa na miaka ishirini na moja. Wachunguzi wa jeshi walipokiokota kipande hiki wakakuta ndani kina rangi nyepesi ya kijivu, na balaa likaanzia hapo.

Tangu Novemba amri ilikuwa moja kwa viwanda vyote. Chumba cha rubani kipakwe namba 66, kijivu kinachokaribia weusi, ili mwanga usirudi kwenye kioo ukampofusha rubani. Namba 02, kijivu cheupe chenye ukijani kwa mbali, ambayo ndiyo iliyokuwa ikipakwa miaka yote, ikapigwa marufuku humo ndani. Na kwenye kadi ya ndege 417, mahali pa mpakaji, palikuwa na muhuri namba nne. Huo ulikuwa wa Liesbeth Kunath, ndiye yule mwanamke.

"Alipewa nyeusi, akapaka nyeupe," alisema Ruppelt. "Hujuma. Mimi sihitaji zaidi ya hapo. Ni mkubwa wangu anayetaka saini ya mtu wa jinai, ipendeze mbele ya jaji."

"Na jaji atampa nini?"

"Una miaka mingapi kazini, Tschirner?"

"Ishirini na saba."

"Basi usiniulize maswali ya mwanafunzi."

Akavaa glavu zake, akaenda kukaa ofisini kwa mkurugenzi penye joto. Tschirner alijua jibu. Kesi ya hujuma ilikuwa na adhabu moja tu, na baada yake familia ilitumiwa barua.

Aliichukua kadi ya rangi ya wizara, ile yenye viraka vya rangi na namba zake, akailaza kando ya kipande. Akalowesha kidole, akapaka maji juu ya bati. Rangi iliyochakaa hudanganya ikiwa kavu. Ikilowa ndipo inaposema kweli. Hii ikilowa ilikuwa nyeupe zaidi ya 02 na haikuwa hata na undugu na 66. Ilikuwa rangi ya jivu.

Akaenda na kipande ukumbi wa rangi. Wapakaji walikuwa wameinamia kazi, hakuna aliyeinua kichwa. Upande wa nje wa ndege walipuliza rangi kwa mashine, lakini chumba cha rubani kina vikona na mirija mingi mno, kwa hiyo humo ndani kazi ilikuwa ya brashi. Alimwendea Arno Zschoche, mkongwe kuliko wote, mzee mwenye masharubu yaliyoingia rangi isiyotoka tena.

"Mzee, nipakie vibati viwili. Kimoja 02, kingine 66."

"02 tunayo ya magurudumu, afande," alisema Zschoche haraka. "Ya magurudumu tu."

"Sijakuuliza ya nini."

Rangi yenyewe ilikuwa ya kukauka kabla sigara haijaisha. Tschirner alivipeleka vibati kwenye tanuri la kupashia ribiti, vile vipini vya kuungia mabati, akamwambia fundi wa tanuri aupandishe moto mpaka mwisho wake bila kuyeyusha bati. Baada ya dakika ishirini vilitolewa kwa koleo. Fundi akapiga mluzi. Ile nyeusi ilikuwa imeungua weusi wake wote. Vibati vyote viwili vilikuwa rangi moja ya jivu, hata aliyevipaka asingevitofautisha.

Tschirner alipumua vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Kwa hiyo 417 ingeweza kuwa ilipakwa nyeusi kama ilivyoamriwa, na weupe ule ni kazi ya moto. Ripoti ya nusu ukurasa, na mwanamke anarudi kwake kula supu.

Ila alikuwa na ugonjwa wake wa kazi: hakuweza kuacha uchafu bila kujua umekalia nini. Pembe ya kipande ilikuwa imezama kwenye tope la mtoni siku ya ajali, na Ruppelt, mtu wa glavu, hakujisumbua kuiosha. Tschirner alichukua beseni la maji ya moto na mswaki. Tope likatoka. Chini yake, pahala pasipofikiwa na moto, palikuwa na rangi nzima, eneo la ukubwa wa kiberiti. Akaisogeza kadi. Hakukuwa na haja ya kutazama mara ya pili. Ilikuwa 02, safi kama ilivyotoka kwenye kopo.

Mwanamke alipaka nyeupe kweli.

Alikifunga kipande ndani ya gazeti. Swali lililobaki lilikuwa moja: alipewa nini akapaka hiyo?

Msimamizi mkuu wa ukumbi, Gotthold Mehnert, alimpokea kwenye kibanda chake cha vioo. Alikuwa na shingo nene, na beji ya chama aliing'arisha kuliko viatu.

"Nyeusi ilitoka kila siku tangu Novemba?" aliuliza Tschirner.

"Kila siku ya Mungu. Daftari hilo hapo, soma mwenyewe."

Tschirner alisoma. Kopo kwa kopo, siku kwa siku, Januari nzima, mwandiko umelala upande mmoja, wino mmoja, hakuna doa.

"Januari umeandika yote kwa wino?"

"Mimi mtu wa utaratibu."

"Kituoni kwetu Januari ile wino uliganda chupani. Wiki tatu tuliandika kwa penseli, hata hati za kukamata."

"Sisi tuna jiko, bwana."

"Jiko liko kule ukumbini. Hapa kwako sioni."

Mkono wa Mehnert ulipanda mpaka kwenye beji, ukashuka. "Unanituhumu?"

"Nauliza habari za hali ya hewa. Mara ya mwisho kushika brashi ilikuwa lini, Bwana Mehnert?"

"Miaka kumi. Sasa nina watu wa kushika." Akainama mbele, sauti ikashuka. "Nikushauri kitu kimoja. Mwanamke mmoja ameharibu kazi, basi. Usitafute mengi. Humu ndani kuna mafuta kila mahali, ukiwasha kiberiti hujui moto utaishia wapi."

Aliwahoji wapakaji mmoja mmoja. Walikuwa kumi na wawili, sasa kumi na mmoja bila Liesbeth. Wote walimpa sentensi moja: tulipewa nyeusi, tukapaka nyeusi. Hata kituo cha kupumua walikiweka mahali pamoja. Hanne Lindig, mdogo wake Liesbeth, mwenye watoto wawili na mume aliyeko Urusi, aliisema huku akitazama ukuta, kucha zimezama kwenye kiganja.

"Dada yako anaweza kufa," Tschirner alimwambia.

"Tulipewa nyeusi," alisema Hanne, "tukapaka nyeusi." Machozi yalimtoka lakini sauti haikubadilika.

Zschoche alikuwa wa mwisho. Naye alikuwa bado anaikariri ile sentensi king'ora cha chakula kilipolia. Akasimama. Alipofika mlangoni alisita, akaifuta brashi yake kwenye nguzo ya mbao iliyokuwa hapo, mbele na nyuma, kama mtu anayefuta viatu. Waliomfuata nyuma wakafanya vivyo hivyo. Nguzo ilikuwa imenenepa kwa rangi mpaka imepoteza pembe zake.

"Mnafanya nini hapo?" aliuliza Tschirner.

"Wapi? Ah, huyu. Huyu ni Shangazi, afande." Mzee karibu atabasamu. "Hutoki bila kumuaga. Ukisahau, Jumamosi unanunulia bia ukumbi mzima."

"Tangu lini?"

"Tangu kiwanda kifunguliwe."

"Kila mtu?"

"Kila mwenye brashi, afande, hata..."

Hakumaliza. Uso ulimpauka. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Tschirner alisubiri wengine wote watoke. Alichomoa kisu cha mfukoni akakata kibonge cha rangi toka kwenye nguzo, kirefu kama kidole, mpaka kwenye ubao, akakipeleka dirishani na lenzi. Kilisomeka kama ukurasa. Juu kabisa, weusi: Februari na Machi. Ndani kabisa, tabaka nene la kijivu cheupe: miaka ya nyuma. Juu yake, weusi: Novemba na Desemba. Halafu, katikati ya weusi huo na weusi wa juu, ukanda wa kijivu cheupe. Alikata upande wa pili wa nguzo, kisha wa tatu. Ukanda ulikuwepo pande zote. Mpakaji mmoja angeacha mikwaruzo miwili mitatu. Huu ulikuwa umeizunguka nguzo nzima. Ukumbi wote ulikuwa umerudi kwenye 02 kwa siku kadhaa za Januari, na daftari la Mehnert lilikuwa uongo kutoka mstari wa kwanza. Mwenye daftari alikuwa amemsahau Shangazi, kwa kuwa miaka kumi hakuwa na cha kumfutia.

Zschoche alikuwa bado amesimama pale pale, mkate wake mkononi.

"Afande," alisema polepole, "funika kombe mwanaharamu apite."

"Mwanaharamu amekaa ofisini kwa mkurugenzi, mzee. Hapiti mpaka aondoke na mtu."

Liesbeth Kunath alikuwa kwenye chumba cha walinzi wa geti, ameketi juu ya kreti, koti mapajani. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mikono mikubwa, jicho moja limevimba. Tschirner alimtoa mlinzi nje, akafunga mlango, akaweka kibonge cha rangi juu ya koti hilo.

Liesbeth alikitambua mara moja. Alikitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

"Mliishiwa nyeusi," alisema Tschirner.

"Usiniulize."

"Siku ngapi?"

"Nane," alisema. "Behewa lilikwama kwenye baridi. Makopo yalipofika rangi ilikuwa imeganda, imekatika kama maziwa mabovu. Mkurugenzi anataka ndege zake za mwezi. Mehnert akaja na makopo ya zamani, akasema pakeni, kuna vita, hamjui? Tukapaka."

"Ndege ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Zote ziliruka?"

"Zote. Mpaka Oktoba ilikuwa amri, afande. Novemba ikawa kosa. Marubani walewale, jua lilelile." Alifuta pua kwa mkono. "Jana huyo wa glavu aliniambia nimtaje mwenzangu. Nikasema sina mwenzangu."

"Kwa kitu hiki naweza kuthibitisha hukuwa wewe peke yako."

"Ndiyo." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Hebu fikiri utakavyosema. Utamwambia, Bwana Ruppelt, hakupaka mmoja, walipaka kumi na wawili. Yeye atasikia nini? Atasema asante, umeniletea genge zima. Ataleta gari kubwa. Mehnert atasema hakujua. Mkurugenzi atasema hakumjua Mehnert." Akalikumbatia koti. "Mimi naogopa. Usidhani siogopi, nimejikojolea jana mbele ya wanaume watatu. Lakini sasa hivi ni kichwa kimoja. Usiwahesabie kumi na viwili."

Tschirner alikichukua kibonge chake. Alikuwa amekuja na ushahidi bora kuliko wote aliowahi kuupata, na hakukuwa na mtu duniani wa kumpa. Na alikwishajua atakalofanya.

Ilikuwa saa nane na nusu. Alirudi ukumbini, akasimama mbele ya Zschoche, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Mzee, jiko lenu lina kuni?"

"Kidogo, afande."

"Nguzo hii imeoza. Naona inaweza kumwangukia mtu."

Zschoche aliitazama nguzo, akamtazama yeye. Hanne Lindig ndiye aliyeinuka kwanza kwenda kuleta msumeno. Ndani ya nusu saa Shangazi alikuwa vipande sita, na jiko lilikuwa linatoa moshi mweusi wenye harufu kali iliyowatoa machozi. Mehnert alitoka kwenye kibanda chake, akaona, akarudi ndani na kuufunga mlango. Tschirner alitupa kibonge chake humohumo.

Kisha akakipeleka kipande cha 417 kwenye tanuri.

"Nalinganisha," alimwambia fundi.

Fundi alikitazama, akatazama tope lililooshwa. Alikuwa na macho. Akavaa miwani yake ya giza, akapandisha moto. Dakika ishirini zile zilikuwa ndefu kuliko miaka ishirini na saba. Mara mbili mlango wa mbele uligongwa na upepo, na mara mbili Tschirner aligeuka kuutazama. Kipande kilipotoka, eneo lile la ukubwa wa kiberiti halikuwepo tena. Kilikuwa jivu tupu kutoka ukingo hadi ukingo.

Akakibeba kwenye gazeti mpaka chumba cha walinzi, na hapo, saa tisa na nusu, akamkuta Ruppelt amefika kabla ya wakati, ameketi mezani mkabala na Liesbeth. Mehnert alikuwa nyuma yake, amesimama kama mlango.

"Lete nione," alisema Ruppelt, akavua glavu.

Alikishika. Akakiachia.

"Kina moto."

"Nilikilowesha nione rangi," alisema Tschirner. "Nikakiweka jikoni kikauke. Bati likiachwa na maji linaota kutu."

"Alumini inaota kutu?"

"Skrubu zake ni za chuma."

Ruppelt alimtazama kwa muda, halafu akatazama vibati viwili ambavyo Tschirner alivipanga kando ya kipande. Tschirner alieleza: hiki kilipakwa 66, hiki 02, moto umevifanya ndugu. Wachunguzi wa jeshi waliona jivu wakadhani ni rangi. Daftari la Bwana Mehnert linaonyesha nyeusi ilitoka kila siku, na yeye Tschirner hana sababu ya kulitilia shaka.

Daftari la uongo na ripoti ya uongo vilikuwa vimefunga ndoa, na Mehnert ndiye alikuwa mshenga.

"Kwa hiyo hakuna hujuma," alisema Ruppelt.

"Kuna ajali. Jua, na kijana wa miaka ishirini na moja."

Ruppelt aligeuza vibati huku na huku. Aliisoma mara mbili ripoti ya nusu ukurasa aliyoandika Tschirner. Akatoa kalamu, akasaini, akaipulizia saini ikauke.

"Kazi safi. Nenda nyumbani, Bi Kunath."

Liesbeth hakuelewa mara moja. Alisimama, akaanza kulivaa koti, mkono mmoja ukapotea ndani ya mkono wa koti. Tschirner alimsaidia.

"Ila nisaidie kitu kimoja, Tschirner," alisema Ruppelt, akitoa karatasi mfukoni bila haraka. "Nimepigiwa simu mchana. Kuna rubani mwingine analalamika, anasema chumba chake kinang'aa kama jikoni kwa mama yake. Ndege imetoka humu humu, Januari. Imetua salama, haina hata mkwaruzo. Kesho saa mbili tunakwenda wote, ukanieleze na hiyo imechomwa na moto gani."

Ruppelt aliikunjua ile karatasi.

"Nimesomewa kadi yake." Akaiweka karatasi kwenye mwanga. "Muhuri namba tisa. Nani huyo?"

Tschirner alikuwa ameisoma orodha ya wapakaji asubuhi ile. Tisa ilikuwa ya Hanne Lindig. Mehnert naye alijua. Alifungua mdomo.

"Ni wangu," alisema Liesbeth.

Ruppelt akageuka. "Wewe ni namba nne."

"Muhuri wa nne ulipasuka Januari, kwa baridi. Nikapewa tisa siku kadhaa." Alimtazama Mehnert, hakumwondolea macho. "Si kweli, Bwana Mehnert?"

Mehnert aliitazama sakafu.

"Kweli," alisema Mehnert. "Alipewa."

Ruppelt alikunja karatasi yake, akairudisha mfukoni, akaanza kuvaa glavu, kidole kimoja kimoja.

"Basi vua koti, Bi Kunath," alisema. "Saa kumi bado."

Liesbeth alilivua koti. Alilikunja, akakaa juu ya kreti, akaliweka mapajani.